Setilaiti Isiyosikia Amri: Jinsi Obiti ya Galaxy 15 Ilivyoendelea Kujulikana Mwaka 2010

Tarehe 5 Aprili 2010, setilaiti ya mawasiliano Galaxy 15, mali ya kampuni ya Intelsat, iliacha kuitikia amri kutoka ardhini. Ilikuwa mahali pake pa kawaida juu ya ikweta, digrii 133 magharibi, ikirusha vipindi vya televisheni za kebo za Marekani kupitia transponda 24, yaani vifaa vinavyopokea ishara na kuirudisha chini, za bendi ya C, mojawapo ya masafa ya redio yatumiwayo na setilaiti. Haikuzimika. Paneli zake ziliendelea kulifuata Jua, antena zake ziliendelea kuitazama Dunia, na kila ishara iliyoifikia katika masafa yake iliongezewa nguvu na kurudishwa chini kama siku zote. Kilichopotea ni masikio tu. Siku hiyo Dunia ilikuwa imekumbwa na dhoruba ya Jua, na maelezo yaliyokubaliwa baadaye ni kwamba umemetuamo uliojilimbikiza kwenye chombo ulifyatuka na kukwamisha kifaa kinachopokea na kusambaza amri ndani yake.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya setilaiti iliyogeuka mzuka. Mimi nakitazama kwa upande usiozungumzwa sana: kwa muda wa miezi minane na zaidi, chombo kisichoongozwa na mtu kilisafiri katika ukanda wenye msongamano mkubwa wa setilaiti, na katika muda wote huo mahali kilipo palijulikana vizuri. Sehemu ya ujuzi huo ilipatikana kwa njia isiyohitaji setilaiti iitikie chochote, yaani ishara ya uongozaji iliyofanana na ile ya GPS, iliyokuwa ikipita ndani yake.

Mahali pa setilaiti tuli si pa kudumu

Setilaiti tuli huzunguka Dunia kwa muda ule ule ambao Dunia hujizungusha yenyewe, ikiwa kilomita 42,164 kutoka kiini cha Dunia, sawa na kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mtazamaji aliye chini huiona kana kwamba imetundikwa. Ukweli ni kwamba inasukumwa bila kukoma. Jua na Mwezi huipinda obiti yake kuelekea kaskazini na kusini kwa kiasi kinachokaribia digrii 0.75 hadi 0.95 kwa mwaka, mwanga wa Jua huisukuma, na kwa kuwa ikweta ya Dunia yenyewe si duara kamili, mvutano huivuta setilaiti mashariki au magharibi kutegemea longitudo ilipo. Zipo sehemu mbili tu za ukanda huo ambako mvuto wa mwisho unatulia: karibu na digrii 75 mashariki na karibu na digrii 105 magharibi. Setilaiti iliyoachwa bila kuongozwa huyumba kuzunguka mojawapo ya sehemu hizo kama timazi linavyoyumba kwenye uzi.

Mwendeshaji hupambana na nguvu hizo kwa kuwasha injini ndogo kila baada ya siku au majuma kadhaa, ili setilaiti isitoke nje ya kisanduku chake, yaani eneo ililotengewa, ambacho mara nyingi hupewa upana wa digrii 0.05 kila upande. Digrii moja katika ukanda huo ni kilomita 736, kwa hiyo kisanduku kizima kina upana wa kilomita 74 hivi. Ili uwashe injini kwa kiasi kinachofaa, sharti kwanza ujue ulipo na unakwenda wapi, na njia ya kawaida ya kulijua hilo ni kutuma sauti maalumu za redio kutoka kituo kimoja au viwili, kupima muda zinaochukua kwenda na kurudi, na kusoma pembe ya antena. Kipimo cha umbali huwa kizuri sana. Kipimo cha pembe ni dhaifu, kwa sababu kosa la digrii 0.005 tu, kwa umbali huo, ni zaidi ya kilomita tatu.

Kwa hesabu ya mvutano, setilaiti iliyotulia kabisa kwenye digrii 133 magharibi huanza kuelekea mashariki kwa mchapuko wa takriban digrii 0.0014 kwa siku kwa siku, yaani kila siku kasi yake huongezeka kwa digrii 0.0014 kwa siku. Kiasi hicho kinaonekana kidogo mno. Hata hivyo kinatosha kuitoa katikati ya kisanduku chake na kuivusha mpaka kwa siku nane au tisa, na baada ya siku 57 hivi kuifikisha zaidi ya digrii mbili mashariki. Digrii mbili mashariki ya Galaxy 15, kwenye 131 magharibi, alikuwako jirani: AMC-11, setilaiti ya kampuni ya SES, iliyotumia masafa yale yale ya bendi ya C kwa biashara ile ile.

Ishara iliyopita humo

Galaxy 15 ilirushwa tarehe 13 Oktoba 2005 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, kwa roketi ya Ariane 5. Pamoja na transponda za televisheni ilibeba mzigo mdogo wa ziada kwa ajili ya WAAS, mfumo wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, unaosahihisha vipimo vya GPS ili ndege ziweze kuvitegemea zinapotua. Mzigo huo hauna mambo mengi. Ishara hutengenezwa ardhini kwa muundo wa ishara za GPS, hupandishwa, na setilaiti huihamishia tu kwenye masafa mawili ya uongozaji, megahezi 1575.42 na megahezi 1176.45, kisha huimwaga juu ya sehemu yote ya Dunia inayoonekana kutoka huko. Kipokezi kilicho chini huiona kama setilaiti nyingine ya GPS iliyoongezwa kwenye kundi, isipokuwa hii karibu haisogei angani.

Upande wa chini, WAAS ina vituo 38 vya kupimia vilivyotawanyika Marekani, Alaska, Hawaii, Puerto Rico, Kanada na Mexico. Antena za kila kituo zimewekwa mahali panapojulikana kwa usahihi wa sentimita. Vituo hivyo vinasikiliza setilaiti za GPS kila sekunde, na kwa kuwa obiti na saa za setilaiti hizo zinajulikana, saa za vituo vyote zinaweza kulinganishwa na kufanywa kana kwamba ni saa moja iliyotandazwa juu ya bara zima. Hapo ndipo GPS inapofanya kazi ambayo watu wengi hawaifikirii. Ukishakuwa na saa moja katika vituo 38, unaweza kupokea ishara ya Galaxy 15 katika vyote na kuuliza: ilifika hapa lini, na ilifika kule lini? Katika GPS ya kawaida, setilaiti nyingi zinazojulikana humweleza msikilizaji mmoja mahali alipo. Hapa wasikilizaji wengi wanaojulikana wanakitafuta chanzo kimoja.

Jambo la msingi kwa kisa chetu ni kwamba hakuna hatua yoyote katika mlolongo huo inayohitaji kifaa cha amri cha setilaiti. Ishara hupanda, hupita kwenye njia ya mawasiliano ambayo haikuharibika, na kushuka. Setilaiti iliyokwama masikio hupimwa sawasawa na iliyo nzima.

Nathubutu kwenda mbali zaidi. Kwa baadhi ya mambo, setilaiti iliyokwama ni rahisi kupimwa kuliko nzima. Adui mkubwa wa hesabu za obiti ya setilaiti tuli ni injini zake zenyewe, kwa sababu kila zinapowashwa huongeza mwendo mdogo usiojulikana kikamilifu, na hesabu hulazimika kuanza kukusanya vipimo upya. Galaxy 15 haikupokea amri ya kuwasha chochote. Kwa majuma mengi njia yake ilitawaliwa na mvutano, ambao unajulikana kwa usahihi mkubwa, na mwanga wa Jua, ambao unakadirika.

Umbo la vipimo

Hata hivyo, njia hii ina udhaifu ambao si wa bahati mbaya, ni wa jiometri. Kutoka kwenye ukanda wa setilaiti tuli, Dunia nzima huonekana ikiwa ndogo: ukingo wake uko digrii 8.7 tu kutoka kiini chake. Mistari yote inayoiunganisha setilaiti na vituo, hata iwe Hawaii na Puerto Rico, inakaribia kwenda upande mmoja. Setilaiti ikipanda mita moja, vituo vyote huona umbali umeongezeka kwa karibu mita moja; saa ya ishara ikichelewa kwa muda unaolingana na mita moja, vituo vyote huona jambo hilo hilo. Tofauti kati ya matukio hayo mawili, kwa kituo kilicho katikati na kituo kilicho ukingoni, haizidi asilimia 1.2. Kwa hiyo kosa la mita moja katika vipimo vya papo hapo linaweza kuzaa kosa la mita mia moja katika kimo, huku kosa kama hilo, likiwa na alama kinyume, likijificha kwenye saa.

Kwa upande wa mashariki na magharibi hali ni nafuu. Kati ya Hawaii na Puerto Rico kuna takriban kilomita 8,600 ukipita moja kwa moja, na setilaiti iko umbali wa kilomita 37,000 au zaidi kidogo, hivyo kosa la mita moja katika tofauti ya umbali hukua kuwa mita nne au tano tu angani. Kaskazini na kusini, kati ya Alaska na Mexico, linakua zaidi kidogo. Ukilinganisha na zile kilomita tatu za pembe ya antena, hii ni faida isiyo na mjadala.

Kosa la kimo hupunguzwa na wakati. Sheria za mwendo wa obiti hazimruhusu mtu kuwa na kimo chochote anachotaka na kasi yoyote anayotaka. Setilaiti ambayo wastani wa kimo chake uko mita moja chini ya kimo tuli huitangulia Dunia kwa mita tisa na nusu hivi kila siku. Ukiweza kujua imesogea kiasi gani mashariki kwa siku moja, kwa kosa lisilozidi mita kumi, basi umejua ukubwa wa obiti yake kwa kosa la takriban mita moja, hata kama vipimo vya papo hapo vilikuwa vikigombana na saa. Ndiyo maana wataalamu wa obiti hawahesabu mahali pa setilaiti kwa kila sekunde peke yake. Huchukua vipimo vya siku moja au mbili, huvipitisha kwenye mfumo mmoja wa nguvu zinazojulikana, na kuiacha fizikia iamue pale ambapo jiometri imeshindwa.

Tatizo moja halipungui kwa wakati. Ishara inayofika kwenye antena huchanganyika na mwangwi wake uliogonga paa, uzio au ardhi ya karibu. Kwa setilaiti za GPS, zinazopita angani kwa saa chache, mwangwi hubadilika haraka na wastani wake hukaribia sifuri. Kwa setilaiti tuli, mwangwi wa leo asubuhi unafanana na wa kesho asubuhi, na kosa la kituo hukaa pale pale kama doa kwenye kioo. Hapa kuna kejeli ndogo ya kisa hiki: Galaxy 15 ilipoanza kusogea na obiti yake kuinama, ikaacha kuwa tuli kabisa, na mwangwi nao ukaanza kubadilika. Sidhani kuna mwendeshaji atakayeipoteza setilaiti kwa makusudi ili apate faida hiyo.

Maswali matatu, majibu matatu

Katika mjadala wa kisa hiki huulizwa obiti ilijulikana kwa usahihi gani, kana kwamba kuna jibu moja. Nadhani swali hilo lina kasoro, kwa sababu wahusika watatu walihitaji vitu vitatu tofauti kutoka kwenye obiti ile ile.

Rubani anayetumia WAAS hajali kama kimo cha setilaiti kimekosewa mita mia moja, mradi saa imekosewa mita mia moja kwa upande wa pili. Anachokiona yeye ni jumla ya vitu hivyo kwenye mstari wa kuonea, na jumla hiyo hupimwa vizuri sana na vituo vilivyo katika bara lile lile alilomo. Udhaifu mkubwa wa jiometri, kwake, haupo. Swali lake ni kama mfumo unaweza kuendelea kueleza mahali setilaiti ilipo wakati inatembea. Mahali na mwendo wa setilaiti tuli hutangazwa kwa ujumbe wa aina ya 9, unaorudiwa angalau kila baada ya sekunde 120, wenye nafasi maalumu kwa kila tarakimu. Katika ujumbe huo, mwendo wa setilaiti kulinganisha na Dunia, kwenye bapa la ikweta, unaweza kuandikwa hadi mita 40.96 kwa sekunde, na umbali wa kaskazini au kusini ya ikweta hadi kilomita 6,710. Kwa hesabu yangu, Galaxy 15 katika kasi yake kubwa kabisa, ilipopita karibu na digrii 105 magharibi, ilisogea digrii 0.2 kwa siku, yaani chini ya mita mbili kwa sekunde, na mwinamo wa obiti yake kufikia Desemba uliipeleka kaskazini na kusini kwa kilomita mia nne na kitu tu. Nafasi zilitosha, na zikabaki. Waliobuni ujumbe huo walikuwa wakarimu kwa kiasi ambacho huenda wao wenyewe hawakutarajia kingehitajika.

Mhusika wa pili alikuwa jirani. Hofu ya SES haikuwa kugongana, bali kuingiliana. Galaxy 15 ingepita karibu na AMC-11 ikiwa na transponda zote wazi, ikiupokea kila mkondo uliokusudiwa kwa AMC-11 na kuurudisha chini ukiwa umechelewa kidogo, hivyo antena za wateja zingepokea nakala mbili. Kinga yake ilikuwa kutumia antena kubwa ya kurushia, yenye mwali mwembamba unaoweza kuilenga setilaiti moja na kuiepa nyingine, na kuisogeza AMC-11 ndani ya kisanduku chake ili nafasi kati ya mbili hizo iwe kubwa iwezekanavyo kila saa. Mbinu zote mbili zinahitaji kujua longitudo ya siku nyingi mbele. Intelsat na SES walishirikiana, walitangaza mapema kwamba hatari ingekuwa mwishoni mwa Mei na majuma ya mwanzo ya Juni, na Galaxy 15 ilipita katika majira hayo bila kuwakatia watazamaji huduma. Hesabu rahisi ya timazi niliyoitaja hapo juu inatoa tarehe hizo hizo kwa makosa ya siku chache. Lakini kwa kupanga antena itazame wapi saa nne usiku, siku chache ni nyingi mno, na hapo ndipo vipimo vya kila siku vinapolipa.

Mhusika wa tatu ni Intelsat yenyewe, iliyohitaji kujua pa kulenga antena ya amri. Yeye ndiye mwenye mahitaji madogo kuliko wote. Mwali wa antena ni mpana kwa makumi ya kilomita kwa umbali ule, na kosa la kilomita moja haliwezi kuzuia amri kufika.

Kusikilizia huko huko juu

Msomaji anayeifahamu teknolojia ya leo atauliza kwa nini setilaiti isibebe kipokezi cha GPS na kujihesabia yenyewe. Inawezekana, ingawa kwa taabu. Setilaiti za GPS ziko kimo cha kilomita 20,200, chini ya ukanda wa setilaiti tuli, na antena zao zinatazama Dunia. Setilaiti tuli hupata mabaki tu: ishara za setilaiti zilizo upande wa pili wa Dunia, zinazopita kando ya ukingo wake na kusafiri takriban kilomita 67,000, pamoja na miali dhaifu inayovuja pembeni mwa antena. Setilaiti ya hali ya hewa GOES-16, iliyorushwa tarehe 19 Novemba 2016, ilithibitisha kwamba kipokezi chenye usikivu wa kutosha kinaweza kuitumia miali hiyo ya pembeni kama njia ya kila siku ya kujua obiti, hata wakati injini zinapowashwa.

Faida hiyo ya mwisho ni kubwa. Setilaiti zinazopanda kwa injini za umeme pekee, kama ABS-3A na Eutelsat 115 West B zilizorushwa pamoja Machi 2015, husukumwa kwa miezi mfululizo, na kwa chombo cha aina hiyo kungoja vipimo vya siku mbili bila msukumo ni jambo lisilowezekana. Lakini kwa Galaxy 15 ya mwaka 2010 kipokezi cha ndani kingekuwa na kasoro moja. Matokeo yake hushuka kwa njia ya taarifa za chombo, nayo hupita katika vifaa vya aina ile ile iliyokwama. Setilaiti ingeweza kujua kwa usahihi mahali ilipo na isiwe na namna ya kumwambia mtu yeyote. Mwendeshaji anayechagua njia moja kati ya hizi mbili anachagua pia ni ajali ipi atakayoweza kuivumilia, na mimi ningependa setilaiti yangu iweze kupimwa na wengine bila ridhaa yake.

Desemba

Njia ya kusikilizia ardhini nayo ilikuwa na mwisho wake. Bila amri, magurudumu yanayoishikilia setilaiti itazame Dunia yaliendelea kukusanya mzunguko uliotokana na msukumo wa mwanga wa Jua, bila injini za kuupunguza. Intelsat ilitarajia yangefikia kikomo Julai au Agosti. Yalivumilia hadi katikati ya Desemba, ndipo setilaiti ikaanza kugeuka, na ishara ya uongozaji ikapotea pamoja na antena iliyoibeba. Kwa kuwa FAA ilikuwa na setilaiti nyingine, Anik F1R, na ilikuwa imeharakisha kuweka ya tatu, Inmarsat 4F3, kazini mwezi Novemba, huduma ya WAAS iliendelea. Kuhusu obiti, upotevu huo haukuwa na uzito mkubwa kwa siku chache: setilaiti isiyosukumwa na chochote haisahau njia yake, na vipimo vya siku iliyotangulia vinatosha kuitabiri ya kesho.

Paneli nazo ziliacha kulitazama Jua, betri zikaisha, na tarehe 23 Desemba vifaa vya ndani vikazimika na kuwaka upya. Kufikia hapo Intelsat ilikuwa imetuma amri kati ya 150,000 na 200,000, kila moja ikielekezwa mahali ambapo hesabu za siku hiyo zilisema setilaiti ipo. Ya kwanza kutiiwa iliikuta zaidi ya digrii 30 mashariki ya mahali ilipoachwa Aprili.